Isohiyo wa Chini ya Makaburi

Nina kipaji kimoja tu duniani, nacho ndicho kilichoniharibia usingizi. Naweza kuiga sauti. Nilifanya kazi posta miaka thelathini na minne, na sidhani kuna anayenikumbuka kule kwa lolote isipokuwa jinsi nilivyomwiga mkuu wetu akisafisha koo kabla ya kumkaripia mtu. Kwenye chama chetu cha watazama ndege naiga kila kitu, ndege na watu, na wote hucheka. Walikuwa wakicheka, niseme hivyo.

Kila mwaka, wiki ya kwanza ya mwezi wa tano, tunakwenda kisiwa cha Okinose. Meli ni moja kwa siku, na bahari ikichafuka hakuna hata hiyo moja. Ndege wanaopanda kaskazini majira ya kuchipua huvuka bahari usiku kucha, na asubuhi wakikiona kisiwa hujitupa pale wakiwa hoi. Ndege ambaye bara ungemtafuta miaka kumi utamkuta ametua kwenye kamba ya nguo ya Mama Fusae, mwenye nyumba ya wageni, hana hata nguvu ya kukuogopa.

Mwaka huu tulikuwa tisa. Wanane wa siku zote, na Yasue, mjane wa rafiki yangu Kuramochi.

Kuramochi alifia Okinose mwaka jana, kwenye miamba iliyo chini ya makaburi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufika kisiwani, na mimi ndiye niliyemshawishi. Sasa Yasue alikuwa amemwandikia kiongozi wetu, Mwalimu Odagiri, kwamba angependa kupaona mahali penyewe. Mwalimu akanipigia simu. "Minowa, wewe ndiye uliyekuwa rafiki yake. Utakaa naye." Ningekataaje?

Melini alikaa kando yangu, begi magotini, darubini ya mumewe shingoni. Alikuwa hajui hata kuirekebisha. Dada Nagumo, yule mwenye kamera kubwa kuliko mtoto mchanga, alipiga kelele, "Pomboo! Kulia, kulia!" na watu wote wakakimbilia kulia mpaka nikadhani meli itapinduka. Pomboo walikuwa kama ishirini, wakiruka na kuzama, matumbo meupe. Nahodha akapunguza mwendo tuwaone. Yasue hakuinuka.

"Shemeji," aliniambia, "nikuulize kitu. Usinifiche."

"Uliza."

"Jioni ile, mlipokuwa mnalinganisha ndege, alikuwaje? Alikuwa na huzuni?"

Kulinganisha ndege ni desturi yetu sisi watu wa mchezo huu. Jioni, kabla ya kula, tunaketi mikekani, kiongozi anasoma majina ya ndege kwa mpangilio ule ule wa kila siku, na aliyemwona au kumsikia anaitikia, "Yupo!" Kama umemwona peke yako, jina lako linaandikwa. Kama hukuwepo kuitikia, ndege wako anafutwa, hata uwe umempiga picha mia. Mwalimu Odagiri ni mkali sana kwa hilo, na ana sababu. Kisiwani kuna majabali. Asiyesikika wakati wa kulinganisha hutafutwa kwanza, na hakuna anayegusa chakula mpaka apatikane. Mwezi wa tano, saa kumi na mbili jioni, bado kuna mwanga wa kutosha kumtafuta mtu.

Katika daftari la Mwalimu la mwaka jana, tarehe nne, kuna mstari usemao: hudihudi, mmoja, makaburini, Kuramochi. Askari waliokuja kutoka bara waliuona mstari ule, wakaandika kwamba saa kumi na mbili na robo marehemu alikuwa na wenzake chumbani, mzima wa afya. Kisha, wakaandika, alitoka usiku bila kula, tochi yake ikabaki ndani ya begi. Hawakusema zaidi. Watu wa mtaani kwa Yasue wakajazia wenyewe palipobaki.

"Hakuwa na huzuni," nilisema.

"Tuligombana asubuhi yake kwenye simu. Bomba la jikoni, shemeji! Linavuja, kila siku ananiambia kesho, kesho. Nikamwambia basi abaki huko huko na ndege wake." Akatazama mikono yake. "Mwaka mzima najiuliza. Mtu anatoka gizani bila tochi, anakwenda wapi?"

Nilitazama maji. Nilikuwa najua kwamba Kuramochi hakutoka gizani. Nilikuwa najua peke yangu.

Ilikuwa hivi. Mchana wa siku ile alinikuta kisimani, anahema, kofia imekaa upande, anacheka kama mwenda wazimu. "Minowa! Hudihudi! Yuko makaburini, anadonoa kama kuku!" Kuna nchi ambako hudihudi ni ndege wa uani, hakuna anayemgeukia. Kwetu mtu anaweza kuzeeka na kuzikwa hajamwona. Kuramochi alikuwa amemngoja tangu ujana. "Narudi kumwona tena," akasema. "Nikichelewa, usimwache yule mzee amfute hudihudi wangu." Akaenda.

Jioni ikafika, Mwalimu akaanza kusoma, miwani kwenye ncha ya pua, macho kwenye karatasi. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, karibu na rafu ya viatu, na wenzangu wamenipa mgongo. Aliposoma hudihudi, kimya. Nikaona penseli yake inashuka kufuta. Nikaitikia kwa sauti ya Kuramochi, ile ya puani: "Yupo! Mmoja, makaburini!" Watu wakapiga makofi bila kugeuka. Mwalimu akaandika. Nilijisikia mjanja kweli.

Mama Fusae alipouliza sinia iliyobaki ni ya nani, nikasema, "Ya Kuramochi, amejilaza." Nilidhani yuko kilimani na ndege wake, atarudi na njaa, nimsimulie, tucheke. Upepo ulikuwa mkali, madirisha yamefungwa, nikawaigia bosi wangu wa posta mpaka Dada Nagumo akatokwa machozi. Nikanywa pombe yangu na ya Kuramochi. Nikalala fofofo. Alfajiri nikaona godoro lake tupu, nikasema ametangulia kutoka, kwa kuwa sisi sote hutoka kabla ya jua. Saa mbili wanawake wapiga mbizi wa kisiwani walimkuta kwenye miamba, amekufa.

Askari aliuliza, "Jioni alikuwepo?" Mwalimu akafungua daftari. Wote wakasema ndiyo, walimsikia. Na mimi nikatikisa kichwa kukubali. Kuna watu hufanya uovu kwa kupanga. Mimi nilitikisa kichwa tu.

Kilichonishikilia mwaka mzima ni neno la daktari. Alimwambia Yasue kwamba kichwa kiligonga jiwe, roho ikatoka papo hapo, hakuteseka. Nililikamata neno lile kwa mikono miwili. Kama alikufa papo hapo, tena mchana, basi hata tungemtafuta tusingemkuta hai. Mzaha wangu haukumuua. Nilijiambia hivyo kila nilipozima taa.

Tulishuka Okinose saa tano. Mama Fusae alitupokea gatini, akamshika Yasue mikono, akambebea begi. Wenzetu walitawanyika. Ilikuwa siku njema kwa watu wetu: mashambani kulikuwa na ndege wadogo wa manjano kila kichaka, kozi alikuwa anazunguka juu ya mnara wa taa, na mbayuwayu walikuwa wamejipanga kwenye waya wamelowa, wameinamisha vichwa. Niliwaona wote na sikumwona hata mmoja.

Alasiri Yasue akasema yuko tayari. Tukapanda njia ya makaburini. Alikuwa amebeba matonge mawili ya wali yaliyofungwa mwani, na plamu chachu ndani.

"Alikuwa anapenda chachu mpaka anakunja uso wote," alisema. "Nikimwambia acha basi, anasema, ndio utamu wenyewe huo."

Nikacheka kidogo. Yeye pia. Tulifika juu. Mawe ya makaburi yameelekea bahari, na mbele yake nyasi zinaishia ghafla. Yasue akaweka matonge juu ya jani, akapiga magoti. Ndipo tulipousikia.

Mluzi. Sauti mbili fupi, na ya tatu ndefu inayoshuka.

Ule ulikuwa mluzi wa Kuramochi. Akiona ndege, hakuita kwa maneno asije akamfukuza. Alipiga mluzi ule, taratibu, nami hujua kwamba kuna kitu, niende. Niligeuka kutazama njia. Naapa nilitegemea kuiona ile kofia inapanda.

Yasue alikuwa amenishika mkono wa koti.

"Shemeji. Umesikia?"

"Ni ndege tu."

"Ndege gani! Ule ni wake. Alikuwa ananipigia mlangoni nimfungulie, hata funguo akiwa nazo mfukoni. Miaka thelathini na minane, shemeji, nisiujue?"

Ukaja tena kutoka chini, kwenye miamba. Kisha kimya. Tena. Nilitambaa hadi ukingoni nikatazama. Juu ya jiwe lenye chumvi alikuwa amesimama isohiyo, ndege wa miambani, mgongo wa buluu, tumbo la rangi ya kutu. Hahami, anaishi pale pale mwaka mzima. Akafungua mdomo, akatoa mluzi wa rafiki yangu.

Mwalimu Odagiri alikuwa anapanda na fimbo yake, Dada Nagumo nyuma yake na kamera.

"Mnatazama nini hapo? Mtatuangukia," Mwalimu akasema.

"Mwalimu," Yasue aliuliza, "huyu ndege anaimba nini?"

Mwalimu akatega sikio, uso ukamng'aa. Alifundisha biolojia miaka arobaini na hajaacha mpaka leo. Mluzi wa Kuramochi hakuujua. Ule ulikuwa wangu na wa Yasue tu.

"Ha! Anaiga. Isohiyo ni mwigaji, mama, kumshinda hata Minowa. Lakini si wa kushika kwa kusikia mara moja. Mpaka asikie tena na tena, mahali pale pale. Kulikuwa na mmoja kwenye paa la shule yetu. King'ora cha moto kiliharibika, kikalia tangu jioni mpaka asubuhi, hakuna aliyekuja kukizima. Mwaka uliofuata, yule bwana anakiimba! Watoto wakatoka nje mbio!" Dada Nagumo akacheka. "Sikilizeni lakini," Mwalimu akaendelea, "ona anavyopumzika katikati. Ameiga hata kimya chake."

Tukasikiliza. Mluzi. Kimya, kadiri ya kuhesabu hadi kumi, kama mtu anayengoja kujibiwa. Mluzi. Kimya. Wa tatu ulikuwa mdogo kuliko wa kwanza. Wa nne ulikatika kabla ya kushuka. Halafu ndege akaanza upya kutoka mwanzo, kwa nguvu zote.

"Ajabu kweli," Mwalimu akasema, akaandika.

Mimi nilikuwa nimekaa chini. Mtu aliye peke yake na ndege hapigi mluzi, atampigia nani? Kuramochi hakupiga hata mara moja pale juu. Alipiga kule chini. Alikuwa ananipigia mimi. Alipiga akangoja, akapiga akangoja, hadi ndege akaujua kwa moyo, pamoja na pale ulipomwishia pumzi. Hakufa mchana, wala papo hapo. Neno la daktari lilinitoka mikononi pale pale, nikabaki sina cha kushika.

Yasue alikuwa amepiga magoti mbele ya wali wake. Sikujua amesikia kiasi gani. Njiani kurudi alisema jambo moja tu: "Kumbe sauti yake ipo." Alilisema kama mtu aliyepewa zawadi. Nikaona naweza kunyamaza. Angerudi kwake na zawadi ile, na daktari wake, na papo hapo yake. Lakini pia angerudi na lile bomba la jikoni. Angekufa akiamini kwamba alimtuma mumewe baharini kwa maneno yake.

Saa kumi na mbili tuliketi mikekani. Madirisha yalikuwa wazi, hakuna upepo. Yasue alipewa nafasi mbele, kando ya Mwalimu. Mimi nilikaa kule kule, karibu na viatu, kwa kuwa miguu ilinipeleka yenyewe. Mama Fusae alikuwa anapanga masinia kwenye korido. Harufu ya samaki wa kuchoma iliingia.

Mwalimu akaanza. Bata, yupo. Njiwa, yupo. Mnandi, yupo, wengi. Shakwe, "Yupo!" kwa kelele, kama kawaida. Kozi, yupo. Nilihesabu majina yaliyobaki.

"Hudihudi."

Kimya. Mwaka huu hakuonekana.

"Mwalimu," nikasema. "Usifute bado. Lete daftari la mwaka jana."

"La nini?"

"Lilete."

Hulibeba daima ndani ya mkoba wake. Alipolifungua kwenye ule mstari nikapiga moyo konde. Ningeweza kueleza kwa maneno, lakini nani angeamini? Nikafumba macho, nikaitikia kwa sauti ya Kuramochi.

"Yupo! Mmoja, makaburini!"

Nilipofumbua macho, wote walikuwa wamegeuka kutazama mlango. Yasue alikuwa ameinuka nusu, mkono mmoja mbele, uso umefunguka kama wa msichana. Akatazama mlango mtupu. Kisha akanitazama mimi, na ule uso sitausahau mpaka naingia kaburini.

"Mimi ndiye niliyeitikia mwaka jana," nikasema. "Yeye hakuwepo. Aliniomba ndege wake asifutwe. Hakurudi kabisa tangu mchana. Nilimwambia Mama Fusae amejilaza, nikala, nikanywa, nikalala. Askari walipouliza nikanyamaza."

Dada Nagumo akasema polepole, "Mzee Minowa, unasema nini wewe?"

Mwalimu alichukua penseli nyekundu. Akaufuta ule mstari, wote, kwa rula.

"Kwa hiyo hakutoka gizani," Yasue akasema.

"Hakutoka."

"Hakujitupa."

"Alikwenda kumtazama hudihudi, shemeji. Alikuwa na furaha. Sijawahi kumwona na furaha vile."

Akajifunika uso, mabega yakamtikisika, na nadhani alikuwa analia na kucheka pamoja. "Hudihudi," alisema ndani ya viganja. "Mjinga yule. Hudihudi." Nilihisi kitu kikilegea kifuani mwangu, na nikajichukia kwa kukihisi.

Ndipo mluzi ukaingia dirishani. Mdogo, wa mbali, lakini wazi. Kimya. Ukaja tena.

Yasue akashusha mikono. Nikaona anapiga hesabu ile ile niliyoipiga mimi kule juu: king'ora, jioni mpaka asubuhi, kimya cha kungoja jibu. Alikuwa amesikia kila neno la Mwalimu.

"Basi mlipokuwa mnakula..." akasema.

Ningeweza kusema sijui. Hata mtu mwema angesema hajui.

"Ndiyo," nikasema.

Mwalimu Odagiri, mzee wa watu, hakujua la kufanya, basi akafanya lile analolijua. Akavaa miwani, akatafuta mahali alipoachia, akaendelea kusoma. Sauti yake ilikuwa kama karatasi. Jina baada ya jina, na hakuna aliyeitikia, akaacha nafasi tupu kila mstari, mpaka akafika kwa ndege ambaye Okinose hata watoto humwitikia kwa kelele.

"Isohiyo."

"Yupo," Yasue akasema.

Kuna swali ambalo lazima aulize, ni kanuni. "Umemwona au umemsikia?"

"Nimemsikia." Akageuka hadi nyuma nilikokaa. "Na wewe, shemeji. Itikia. Itikia kwa sauti yako."

Ilinichukua muda kuipata.

"Yupo," nikasema. "Nimemsikia."

Mwalimu akaandika majina mawili. Mama Fusae alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya kwanza, hajui aingie au arudi. Yasue akampita, akainama kwenye rafu karibu na magoti yangu, akachukua viatu vyake, akaanza kuvaa.

"Bado kuna mwanga," alisema.

Mwalimu akafunga daftari, akaomba fimbo yake. Dada Nagumo akaiacha kamera mkekani. Mmoja mmoja wakaja kutafuta viatu vyao, na Mama Fusae akairudisha sinia jikoni, akaifunika kitambaa. Hakuna aliyegusa chakula. Tukatoka, sote tisa, tukashika njia ya miambani. Ni mwendo wa dakika saba.